Laptopu ya Mchoraji: Soma Prosesa, Kisha Hesabu Nafasi za RAM

Laptopu ya mtumba katika maduka ya Kakamega hubandikwa kikaratasi chenye mambo matatu: i5 au i7, ukubwa wa RAM na ukubwa wa diski. Anayetaka kuchapa barua na kutazama filamu hahitaji zaidi. Lakini mwanafunzi wa uhandisi au ujenzi katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro au chuo cha ufundi cha Sigalagala, anayenunua mashine ya AutoCAD, Revit au Photoshop, asikitegemee. Hakimwambii prosesa ni ya kizazi gani, wala RAM inaweza kuongezwa hadi wapi.

Kanuni ya kuchagua ni moja: pima kwanza kile usichoweza kubadilisha. Diski hubadilishwa kwa dakika chache na betri mpya hupatikana. RAM ya vipande huongezwa pesa zikipatikana. Prosesa ya laptopu nyembamba za kisasa imelehemiwa kwenye ubao mkuu, na hiyo uliyonunua ndiyo utakayokaa nayo.

Prosesa: soma jina lote

Muuzaji akikwambia “hii ni i7”, muulize i7 ipi. Chukua mbili zinazopatikana sana katika mashine zinazoitwa ex-UK: i7-6600U na i5-8250U. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni kizazi, hivyo ya kwanza ni ya kizazi cha 6 na ya pili ni ya kizazi cha 8. Ile i7 ina viini (cores) viwili tu, ilhali ile i5 ina vinne. Kasi ya juu kabisa ya kila moja ni 3.4 GHz. Kwa hiyo i7 hiyo, hata ikiuzwa ghali, imeshindwa na i5. Hadi kizazi cha 7, prosesa za Intel Core zenye herufi U zilikuwa na viini viwili. Intel ilifikisha vinne kwa kizazi cha 8, mwaka 2017.

Je, viini vingi vinamsaidia mchoraji? Inategemea kazi. AutoCAD hufanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa kiini kimoja, kwa hiyo anayechora ramani za nyumba za kawaida atafute kasi ya juu ya kiini hicho. Viini vyote huingia kazini wakati wa kurenda, yaani kutengeneza picha ya jengo yenye mwanga na vivuli. Hapo ndipo mwenye viini viwili huenda kupika chai, arudi na kukuta picha haijafika nusu.

Kuna sababu nyingine ya kushikilia kizazi cha 8. Microsoft ilimaliza kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, isipokuwa chache. Kuna mafundi wanaoipachika kwenye mashine za zamani kwa njia za mkato, lakini Microsoft haiahidi kuendelea kuzipa masasisho.

Herufi ya mwisho nayo ina maana. U hutumia umeme kidogo, HQ na H zina nguvu zaidi na joto zaidi. Lenovo ThinkPad P50 na HP ZBook 15 G3 ni za kundi hili la pili: zina nafasi nne za RAM, hadi GB 64, na kadi ya picha ya Quadro. Ni mashine za kazi kwelikweli, ila ni nzito, chaja ya P50 ni ya wati 170, na prosesa zake za kizazi cha 6 hazimo katika orodha ya Windows 11. Zinamfaa mwenye meza na stima ya uhakika, si mwanafunzi wa kupanda matatu.

RAM: dari iko wapi?

Dari ya RAM huwekwa na prosesa na ubao mkuu. Prosesa za U za kizazi cha 4, kama i5-4300U ya HP EliteBook 840 G1, zinakomea GB 16 za DDR3L. Kwa i7-6600U na i5-8250U, Intel imeandika GB 32. Programu nazo zina sakafu yake: AutoCAD huanzia GB 8, na Revit ya 2024 huanzia GB 16. Mwenye GB 8 asiyeweza kuongeza ameshafungiwa nje ya Revit.

Ubao mkuu ndio wenye mitego. ThinkPad T480 na EliteBook 840 G5 zina nafasi mbili za vipande vya RAM. T480s, ambayo jina lake limezidi kwa herufi moja tu, ina RAM iliyolehemiwa na nafasi moja ya kuongezea. ThinkPad X1 Carbon na MacBook Air hazina nafasi hata moja. Ni nyembamba na zinapendeza mkononi, lakini GB 8 ulizonunua leo ndizo utakazohitimu nazo.

Tena, laptopu isiyo na kadi ya picha yake hukopa RAM kwa ajili ya skrini. Vipande viwili vya GB 8 vitaisaidia zaidi kuliko kimoja cha GB 16, kwa kuwa prosesa husoma vyote viwili kwa pamoja.

Ukiwa dukani

Omba mashine iwashwe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda “Performance”, kisha “Memory”. Ukiona “Slots used: 1 of 2”, kuna nafasi tupu. Ukiona “Form factor: Row of chips”, RAM imelehemiwa. Bofya “CPU” kwenye dirisha hilohilo usome jina kamili la prosesa.

Kisha omba bisibisi na ruhusa ya kufungua kifuniko cha chini. Kipande cha RAM kina kibandiko chenye maandishi kama 8GB 1Rx8 PC4-2400T. PC4 ni DDR4, PC3L ni DDR3L, na pengo lao haliko mahali pamoja, kwa hiyo kimoja hakiingii penye kingine. Piga picha ya kibandiko. Ndiyo utakayomwonyesha muuzaji wa barabara ya Luthuli, Nairobi, siku ya kuagiza kipande cha pili.

Mwisho, fungua mchoro wako mwenyewe kutoka flashi, uuzungushe na kuupanua huku ukitazama kasi ya prosesa. Kasi ikianguka na kubaki chini, uliza kuhusu vumbi la feni na chaja. Dell isipoitambua chaja yake hupunguza kasi ya prosesa na kukataa kuchaji betri, na chaja za kuigiza ni nyingi sokoni. Chomoa umeme pia, uone inavyokwenda kwa betri peke yake. Mvua za alasiri za Kakamega huondoka na stima bila kuaga, na hapo T480 yenye betri mbili, moja ndani na nyingine ya kuchomoa, humpa mwenyewe nafasi ya kumaliza mchoro.

Kwa bajeti ya mwanafunzi, basi, chukua i5 ya kizazi cha 8 yenye nafasi mbili za RAM, hata ikiwa na GB 8 pekee kwa sasa. Ongeza kipande cha pili kabla ya muhula wa Revit. Ukiambiwa i7 ya kizazi cha 6 ni bora kwa sababu ni i7, shukuru, uende duka la pili.