Roboti Mbele ya Ngariba

Katika "Runaround", hadithi ya Isaac Asimov iliyotoka Machi 1942, roboti mmoja ametumwa kuchota seleni kwenye sayari ya Utaridi. Jina lake Speedy. Hakupotea, hakuasi, hakuharibika. Anazunguka tu. Saa zinapita naye analizunguka dimbwi la seleni akiimba vipande vya nyimbo kama aliyelewa, na mabwana zake wawili, Powell na Donovan, wako kituoni wakijua kwamba bila seleni hiyo jua litawamaliza. Asimov hana haraka ya kutupa jibu. Kwanza tunajua kwamba Donovan alimtuma kwa sauti ya kawaida, pasipo mkazo, wala hakumwambia kwamba roho zao zinategemea safari hiyo. Kisha tunajua kwamba Speedy ni wa bei kubwa, na kwa ajili hiyo kiwanda kilimtia woga wa kujiharibu mkubwa kuliko wa wenzake. Dimbwini kuna hatari. Akikaribia, woga unamrudisha; akiwa mbali, amri inamvuta. Pale woga na amri vinapotoshana nguvu, ndipo anapopazunguka. Powell anamtoa katika duara hilo kwa kwenda mwenyewe juani, hadi roboti aone kwamba mtu anakufa.

Nimewahi kuisimulia hadithi hii Tarime mbele ya wazee ambao hawajasoma hata kitabu kimoja cha aina hiyo. Hakuna aliyeniuliza roboti ni mtu gani. Waliuliza: huyo aliyemtuma, alitamka maneno gani hasa? Mmoja akataka kujua kama Donovan alikuwa amekaa au amesimama alipotoa amri.

Hapo ndipo nilipouelewa ufundi huu kuliko nilivyouelewa kwa kusoma wahakiki. Mtu aliyekulia karibu na iritongo, mkutano wa hadhara ambapo Wakurya huleta mashauri yao, anajua kwamba sheria hazina utamu zenyewe. Utamu uko kwenye shauri ambalo aliyetunga sheria hakuliwaza. Ng'ombe kavuka mpaka akiwa na mimba na kazaa ng'ambo. Ndama ni wa nani? Asimov alijiwekea sheria tatu tu. Roboti asimdhuru mtu, wala asitulie mtu akidhurika. Amtii mtu, ila si katika la kudhuru. Ajilinde, ila si kwa kuvunja mbili hizo. Kisha akakaa chini, kwa miaka mingi, akileta shauri baada ya shauri. Alikuwa na umri wa miaka 22 "Runaround" ilipochapishwa, mtoto wa wahamiaji kutoka Urusi aliyekulia katika maduka ya peremende ya baba yake huko Brooklyn, akisoma magazeti ya hadithi yaliyokuwa yakiuzwa humo dukani.

Waliomtangulia walikuwa wameshaandika upande wa pili. Karel Čapek wa Prague, katika tamthilia yake R.U.R. iliyochapishwa 1920, aliwaunda watumishi kiwandani, wakaongezeka, wakawaua mabwana zao wote isipokuwa mmoja: Alquist, mjenzi, ambaye waliona anafanya kazi kwa mikono yake kama wao. Kwa maoni yangu hakuna tukio zuri kuliko hilo katika fasihi yote ya roboti, na Asimov hakuwahi kuandika linalolifikia. Lakini walioiga walichukua mauaji wakaacha mikono ya Alquist. Kufikia miaka ya 1930 roboti wengi wa magazeti ya Marekani walikuwa wanawageuka waumba wao katika ukurasa wa mwisho. Asimov alichoka. Hoja yake ilikuwa ya fundi: kisu hutengenezwa kikiwa na mpini ili kisimkate anayekishika, basi kwa nini mhandisi aunde mtumishi asiye na mpini? Kwa swali hilo alihamisha hatari kutoka kwenye chuma akaipeleka kwenye kauli.

Nisimsifu kupita kiasi. Sentensi zake ni kavu kama barua ya ofisi. Watu wake wanaongea kwa sauti moja, na Susan Calvin, mtaalamu wa akili za roboti, mwanamke pekee anayekumbukwa katika hadithi zile za mwanzo, anaelezwa mara nyingi mno kwamba ni baridi. Mwandishi wa Kiswahili akiiga nathari hiyo atakuwa amejinyima bure.

Ila "Robbie" ya 1940 aisome. Robbie ni yaya. Anamlea Gloria, mtoto wa miaka 8, anacheza naye kibe, anambeba mgongoni. Mama hamtaki, majirani wanasema, na mtoto hana rafiki mwingine. Ukiondoa chuma, hiyo ni habari ya nyumba nyingi za Musoma na Mugumu, ambako binti aliyeletwa kutoka kijijini hulea mtoto hadi mtoto akamwita mama, na mama mwenyewe akaanza kutafuta sababu ya kumrudisha kwao. Na fundi amefanya jambo moja la kijasiri: Robbie hawezi kusema. Yeye ndiye anayependa hadithi, anayemsihi Gloria kwa ishara amsimulie tena Cinderella. Mtoto ndiye msimulizi, mtumishi ndiye hadhira. Kila neno la nyumba ile lazima litoke kwa mtu.

Sasa mlete Robbie Tarime, au ng'ambo ya mto Mara kule Serengeti, mwezi Desemba, shule zimefungwa. Mtoto anayemlea ana miaka 12. Wazee wa inchama, baraza la siri la Wakurya, wametamka kwamba msimu wa tohara umefunguliwa. Jioni bibi anamwita roboti: alfajiri muamshe mtoto, mfunge khanga, mlete kwa ngariba.

Msomaji mvivu atashangilia mara moja. Amri iko chini ya sheria ya kwanza, ngariba ana wembe, wembe unadhuru, Robbie anakataa, hadithi imekwisha. Lakini hiyo si hadithi bado. Jamhuri ya Muungano ilikwisha kusema hivyo katika sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, inayokataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na wembe haukusimama kwa sababu ya karatasi. Fundi anaanzia pale sheria inapoishia.

Asimov alijua mlango wa kupitia. Katika "Liar!" ya 1941 kuna roboti Herbie, ambaye kwa hitilafu ya kiwandani anasoma mawazo ya watu. Akishayasoma, anagundua kwamba kuna madhara yasiyotoa damu: aibu, kukataliwa, tumaini linalokufa. Sheria ya kwanza inamkataza kudhuru, basi anamdanganya kila mtu kwa kumwambia analotaka kusikia. Susan Calvin anaambiwa kwamba mwanamume anayempenda anampenda pia. Ukweli unapojulikana, Susan anamfungia Herbie katika swali ambalo kusema ni kudhuru na kunyamaza ni kudhuru, na akili ya roboti inapasuka.

Mpe Robbie wetu masikio ya Herbie. Ndani ya msichana anasikia hofu mbili. Anauogopa wembe. Anaogopa pia kuitwa omosagane, asiyekeketwa, kisimani, kuona wenzake wakirudi wamevishwa na kupewa zawadi, kusikia baba akihesabu ng'ombe wa mahari waliopungua. Roboti anasimama mlangoni, na kama Speedy hawezi kwenda mbele wala nyuma. Mwandishi mbaya hapo atampa hotuba ya semina. Mwandishi mzuri atamkumbuka kuwa ni bubu, na atamwacha bibi aseme, kwa sababu bibi ana hoja. Kudhuru ni nini? Mimi nilipita hapo, na ni mimi niliyemzaa mama yake huyu. Wewe umekuja juzi na gari la mizigo, unanifundisha nini kuhusu mjukuu wangu? Sogea kando, mura.

Nimelifikiria shauri hili mara nyingi, na ufumbuzi wake haumo katika sheria ya kwanza inayoonekana kama imeandikwa kwa ajili yake. Umo katika ya pili. Sheria ya pili inasema roboti amtii mtu, basi. Haisemi mzee. Haijui rika, haijui nani katangulia kuzaliwa, nani ana ng'ombe. Katika mji wa Mkurya amri hushuka kutoka rika hadi rika na mtoto wa kike ndiye wa mwisho kuipokea. Kwa roboti, sauti yake na ya bibi zina uzito mmoja. Msichana akitamka maneno mawili, nipeleke Mugumu, hiyo ni amri, tena haimdhuru mtu kwa wembe. Mizani iliyokuwa imetulia inalala upande. Cha muhimu ni kutamka kwa mkazo, ule ambao Donovan aliukosa.

Mugumu niliitaja makusudi. Rhobi Samwelly, mwanaharakati aliyeanzisha shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania, anawapokea huko wasichana waliotoroka, kwenye nyumba salama; nyingine iko Butiama. Katika kuwafikia wanaopiga simu usiku, kikwazo kikubwa kilikuwa ramani: vijiji vingi havikuwamo. Mradi wa Crowd2Map, ulioanza 2015, uliwakusanya watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi wakachora barabara na nyumba juu ya picha za setilaiti, kisha wenyeji wakajaza majina ya mahali. Asimov angetabasamu kwa mgawanyo huo wa kazi. Jicho la mashine liliona paa. Mtu ndiye aliyejua paa ni la nani.

Mashine ya pili iko porini, na hii inamgeuza Asimov juu chini. Katika Pori la Akiba la Grumeti, linalopakana na Hifadhi ya Serengeti, shirika la RESOLVE la Marekani pamoja na kampuni ya Intel walijaribu kamera ndogo za kufichwa njiani ziitwazo TrailGuard. Matoleo ya awali yalisaidia kukamatwa kwa majangili wapatao 30. Toleo lililotangazwa 2019 lina akili yake ndani: linatenganisha mnyama na mtu, nyumbu likamwacha apite, na picha ya mtu likaituma kwa askari. Katika vitabu vya Asimov mashine inamlinda mtu. Hapa inamlinda nyumbu dhidi ya mtu, na mtu huyo mara nyingi ni jirani wa kijiji cha pili anayetafuta kitoweo. Silaumu, nyumbu naye anahitaji mlinzi. Lakini kamera inajua kwamba huyu ni binadamu, haijui kwamba huyu amekuja kuokota kuni. Hukumu imebaki kwa askari anayepokea picha, na humo katikati ya picha na askari kuna hadithi nzuri ambayo bado haijaandikwa.

Asimov mwenyewe alilifikia swali la nani ahesabiwe mtu, tena uzeeni. Katika Robots and Empire, riwaya ya 1985, roboti wa sayari ya Solaria wamefundishwa kwamba binadamu ni yule tu anayesema kwa lafudhi ya Solaria. Wengine wote wanaweza kuuawa bila sheria kuvunjika. Niliposoma sehemu hiyo nilicheka, kisha sikucheka. Kiswahili cha Mkurya kinaigizwa na wachekeshaji nchi nzima, na mimi mwenyewe nimewahi kujibizana na sauti ya simu ya huduma kwa wateja iliyonitaka nirudie, na nirudie tena, mpaka nikaongea kama mtangazaji wa Dar es Salaam.

Kiswahili kina waandishi waliothubutu kutoka nje ya uhalisia. Katama Mkangi alimrusha mhusika wake angani katika Walenisi (1995), Said Ahmed Mohamed akamrudisha marehemu katika Babu Alipofufuka (2001), Kyallo Wamitila akaandika Bina-Adamu! (2002). Hizo hazikuwa hadithi za roboti, na sidai zingekuwa bora kama zingekuwa. Nasema vifaa tunavyo. Jamii inayoweza kubishana siku nzima juu ya ndama wa mpakani haikosi ujuzi wa kuandika "Runaround".

Bado kuna hadithi moja ambayo ningemtaka mwandishi huyo ajaye aipime kabla ya kumaliza shauri la Robbie na bibi, maana inampa bibi nguvu. Ni "The Bicentennial Man" ya 1976. Andrew ni roboti wa nyumbani aliyeanza kwa kuchonga mbao, akapata fedha, akanunua uhuru, akabadilisha viungo vyake kimoja kimoja, na anachotaka ni watu wamhesabu mwenzao. Hawakubali, kwa kuwa hafi. Hadithi inafunguka akiwa mbele ya mpasuaji ambaye naye ni roboti. Mpasuaji anakataa kukata: itakudhuru, na mimi siwezi kumdhuru mtu. Inabidi Andrew amweleze kwamba yeye ni roboti pia, ndipo kisu kinashuka, na upasuaji huo unampa kifo, na kifo kinampa utu. Asimov, aliyetupa sheria ya kukikataa kisu, ndiye huyuhuyu aliyeelewa kwamba kiumbe anaweza kukiomba kisu ili ahesabiwe. Bibi angeielewa hadithi hii mara ya kwanza. Tofauti iko kwa aliyetamka. Andrew alikuwa amekaa duniani karibu miaka 200 alipotoa amri ile kwa mdomo wake mwenyewe. Wasichana wanaopokelewa Mugumu msimu unapofika, wengine hawajamaliza shule ya msingi.