Fani na Maudhui ya Mshono: Fundi wa Kamembe na Mbunifu wa Kigali

Wahakiki wetu wamezoea kuchambua riwaya, tamthilia na mashairi, wakiuliza fani yake ni ipi na maudhui yake ni yapi. Nguo hawaiulizi. Hali nguo iliyopimwa na kushonwa kwa ajili ya mtu mmoja ni kazi ya sanaa: ina mtunzi, ina hadhira, ina kanuni zake, na yaweza kufaulu au kushindwa. Katika makala haya twakusudia kuihakiki kazi hiyo kama inavyoonekana Kamembe, wilayani Rusizi, katika eneo lililokuwa mkoa wa Cyangugu hadi mwaka 2006, na kuilinganisha na kazi ya wabunifu wa mavazi wa Kigali.

Tuanze na lugha. Mwalimu wa Kiswahili akiingia katika kibanda cha fundi hapa mpakani, ng'ambo tu ya Bukavu, hatajiona mgeni. Kwa Kinyarwanda, cherehani ni icyarahani, mkasi ni umukasi, pasi ni ipasi, shati ni ishati, koti ni ikoti. Lakini neno lenye uzito kuliko yote ni caguwa, yaani mitumba, ambalo asili yake ni kitenzi chetu chagua. Katika neno hilo mna falsafa nzima. Mnunuzi wa caguwa huchagua katika vilivyokwisha kukatwa kwa ajili ya mwili wa mtu mwingine. Mteja wa fundi hachagui, hupimwa. Tofauti ya vitenzi hivi viwili ndiyo msingi wa hoja yetu.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Hata hivyo, tusiitumie methali hii kwa dharau, kwani caguwa iliwasitiri maskini wengi kwa miaka mingi. Machi 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa mitumba polepole. Kenya, Tanzania na Uganda zilirudi nyuma baadaye. Rwanda ilishika msimamo. Julai 2016 ilipandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na Julai 2018 Marekani ikasimamisha nafasi ya nguo za Rwanda kuingia sokoni mwake bila ushuru kwa mpango wa AGOA. Mzigo wa uamuzi huo ulimwangukia nani? Kwa sehemu kubwa ulimwangukia fundi cherehani. Yeye ndiye aliyetakiwa kulivika taifa, na kwa sababu hiyo ubora wa kazi yake si jambo la anasa.

Sasa tuitazame fani. Kitenge kizima huwa na yadi 6, na maua yake yamekwisha kupigwa chapa kiwandani. Kazi ya kwanza ya fundi ni kuamua ua lipi likae kifuani, lipi mgongoni, na lipi lipotelee ndani ya mshono. Fundi hodari huyakutanisha maua hata usijue mkasi ulipita wapi. Fundi mzembe huacha nusu ya ua ikitazamana na nusu ya jani. Kipimo cha pili ni bega. Binadamu wengi wana bega moja lililoshuka kidogo kuliko jingine, na futikamba hulijua jambo hilo kabla ya mwenyewe kulikiri. Kipimo cha tatu ni ndani ya nguo. Tuipindue, tuangalie. Fundi mwenye busara huacha ziada ya kitambaa ndani ya mshono, ili mwenye nguo akinenepa, au mdogo wake akiirithi, ifumuliwe na kupanuliwa. Hapo fani na maudhui hukutana: mshono huo umeifikiria familia na miaka ijayo.

Umushanana, vazi la heshima la wanawake wa Rwanda, una somo jingine. Hukatwa kidogo sana. Uzuri wake umo katika kuanguka kwa kitambaa kutoka begani, na fundi anayeushona hana budi kujua mahali pa kuuzuia mkasi.

Tukija kwa wabunifu wa Kigali, ni haki kuwasifu. House of Tayo ya Matthew Rugamba ilianza 2011, Rwanda Clothing ya Joselyne Umutoniwase 2012, na Moshions ya Moses Turahirwa 2015. Januari 2018 vazi la House of Tayo lilionekana Los Angeles katika uzinduzi wa filamu ya Black Panther, likivaliwa na Junior Nyong'o. Moshions imechukua imigongo, sanaa ya Rwanda ya mashariki iliyofinyangwa kwa samadi ya ng'ombe ukutani, ikaihamishia katika mavazi. Jaribio hili hufaulu pale mistari inapofuata mkono na kiuno, ikageuka pamoja na mwili. Hushindwa kwa waigaji, ambao huibandika michoro kifuani kama muhuri wa ofisi. Hapo utamaduni umekuwa pambo, haujawa mshono.

Lakini twaona kasoro katika uhakiki wenyewe. Mbunifu hutajwa magazetini kwa sababu jina lake limeandikwa kwenye lebo. Fundi wa Kamembe hajulikani ila kwa wateja wake. Hali hii twaifahamu vizuri. Mbunifu ni kama fasihi andishi: ana sahihi, ana toleo, ana wasomaji wa mbali. Fundi ni kama fasihi simulizi: hutunga mbele ya hadhira, hadhira humkatiza na kumsahihisha, na kazi huzaliwa kutokana na mazungumzo hayo. Ulikuwako wakati wasomi walipoidharau fasihi simulizi kwa kuwa haina jina la mwandishi. Tusilirudie kosa hilo kwa nguo.

Hata hivyo fundi naye asisamehewe udhaifu wake. Mteja huja na picha katika simu, na mara nyingi fundi huinakili bila kuuliza kama inaufaa mwili uliosimama mbele yake. Akifanya hivyo ameirudisha caguwa kwa mlango wa nyuma, maana amemshonea mtu nguo ya mwingine. Aidha, hutoza ujira wa kushona tu, hatozi ujira wa kufikiri, wala hahifadhi karatasi za vielelezo vyake. Akiacha kazi, ujuzi wake huondoka naye.

Walimu tufanye nini? Kiswahili kimekuwa lugha rasmi mojawapo ya Rwanda tangu 2017, lakini wanafunzi wetu hukariri maneno ya mavazi kwa picha za vitabuni. Yafaa tuwapeleke kibandani wakasikilize pindo, marinda, ukosi, bandi na mshazari yakitumika, kisha wamwandikie fundi mmoja maelezo ya vazi moja: alipima nini, alikata wapi, kwa nini. Maandishi hayo yatakuwa zoezi la lugha, na kwa fundi huyo yatakuwa kumbukumbu ya kwanza iliyoandikwa ya kazi yake.