Manahodha Wanne, Chombo Kimoja

Wahenga walitwambia kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ni methali ya watu wa pwani, na sisi wa visiwani tumeikariri hata hatuitilii shaka tena. Lakini wahenga hao hao walisema pia kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hizi mbili zimekaa ndani ya lugha moja bila ya kugombana, kwa sababu kila moja hutolewa pahala pake. Upo mchezo mmoja wa mezani unaozilazimisha zikutane, na huo ndio ninaokusudia kuuhakiki hapa.

Mchezo wenyewe unaitwa Pandemic Legacy. Uliasisiwa na Wamarekani wawili, Rob Daviau na Matt Leacock, ukatolewa mwaka 2015 juu ya msingi wa mchezo wa awali wa Leacock, Pandemic, uliotoka mwaka 2008. Msomaji aliyezoea bao, karata au dama atashangazwa na mambo mawili. La kwanza, wachezaji hawashindani wao kwa wao. Watu wawili hadi wanne hukaa upande mmoja, na upande wa pili yapo maradhi manne, yanayowakilishwa na michemraba midogo ya rangi nne, yakienea baina ya miji 48 iliyochorwa kwenye ramani ya dunia. Ama watashinda wote, ama watashindwa wote. La pili, mchezo haumaliziki kwa kikao kimoja. Huanza Januari na kuishia Desemba. Mwezi ulioshindwa hurudiwa mara moja tu, kisha mnasonga mbele mkiwa mmeshinda au hamkushinda. Kwa hivyo safari nzima huwa na vikao visivyopungua 12 na visivyozidi 24.

Wenyewe huuita mchezo wa kampeni. Kwetu sisi neno hilo limekwisha kuchukuliwa na uchaguzi, na lina harufu ya vipaza sauti na fulana za bure. Kwa hivyo mimi nitauita mchezo wa msafara. Msafara una watu, una mizigo, una njia isiyorudi nyuma, na daima una swali la nani atangulie.

Swali hilo nililiona likiulizwa Lushoto, mji ule wa Usambara ya Magharibi ulioitwa Wilhelmstal zama za Wajerumani. Ilikuwa miezi ya baridi, wakati ukungu hushuka mapema na watu wakajifungia ndani kabla ya Isha. Tulikuwa wanne: mwalimu mstaafu, ambaye ndiye mwenye nyumba na mwenye sanduku la mchezo, muuguzi aliyekaribia kustaafu, mkulima wa kabichi na karoti, na mimi, mgeni kutoka kisiwani. Kitabu cha kanuni kilikuwa cha Kiingereza, na kadi zote vilevile. Mwalimu alisoma, akatufupishia, tukaanza.

Kwa haki ya mchezo, niseme kwanza namna ulivyosukwa. Kila mchezaji ana kazi yake. Yupo Tabibu, anayeweza kuondosha michemraba yote ya rangi moja mjini kwa tendo moja. Yupo Mwanasayansi, anayehitaji kadi nne kupata dawa pale ambapo wenzake huhitaji tano. Yupo Mtafiti, ambaye huwagawia wenzake kadi kwa wepesi. Yupo Mratibu, awezaye kusogeza kete za wengine kana kwamba ni zake. Kila mtu ana matendo manne katika zamu yake, na baada ya zamu maradhi nayo hucheza. Kumpa mwenzako kadi si jambo jepesi. Kwa kawaida ni lazima nyote wawili muwe katika mji mmoja, na kadi iwe ni ya mji huo huo. Kusaidiana kumefanywa kuwa na gharama ya safari, na hilo ni wazo zuri, kwani msaada usio na gharama haumfundishi mtu kitu.

Jioni ile ya kwanza, kufikia mzunguko wa tatu, mkulima alikuwa hatazami tena ubao. Alimtazama mwenye nyumba na kuuliza, “Mwalimu, mimi niende wapi?” Naye Mwalimu, kwa nia njema kabisa, alimwonesha kwa kidole. Muuguzi akafuata mkondo huo huo. Mezani pakawa na jozi nne za mikono na kichwa kimoja. Januari ikatushinda.

Wapenzi wa michezo ya aina hii wanaijua kasoro hiyo, na wameilalamikia tangu Pandemic wa kwanza. Kitabu cha kanuni nacho kinaijua, kwani kinaeleza kwamba wote watoe rai kwa uhuru, lakini mwenye zamu ndiye aamue. Na kinapomtaja Mratibu kinaongeza sharti ambalo ningependa lisomwe polepole: huruhusiwi kuisogeza kete ya mwenzako ila mwenyewe akiridhia. Kanuni ipo, na ni njema, lakini haina mlinzi. Ushirika umeandikwa kwenye karatasi. Mezani anakaa mfalme.

Neno mfalme silitumii ovyo, kwani tulikuwa katika nchi ya Wakilindi. Watu wa Usambara wamelifikiri jambo hili kwa undani kuliko watunga michezo. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake Peasant Intellectuals cha mwaka 1990, alieleza kwamba Wasambaa walikuwa na lugha maalumu ya kuizungumzia hali ya nchi. Ipo hali ya kuiharibu nchi, kubana shi, na ipo ya kuiponya, kuzifya shi. Nchi huharibika pale nguvu zinaposhindana na nguvu, watawala wakavutana, mvua ikakosekana na njaa ikaingia. Alipofariki Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, walivutana Semboja na mjukuu wa Kimweri, Shekulwavu, na nchi ikaumia kwa vita na utekaji. Fahali wawili zizi moja. Tiba yake, kwa mujibu wa fikra hiyo, ilikuwa ni nguvu moja iliyozizidi zote, mfalme mmoja ambaye nchi yote ni mali yake na kwa hivyo haina faida kwake kuiharibu.

Ukilitazama hivyo, Mwalimu hakuwa na kosa. Alikuwa anaiponya nchi kwa njia ya zamani. Lakini tukirejea kwenye asili ya ufalme wenyewe, kama alivyoiandika Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi, kitabu ambacho J. W. T. Allen alikihariri na kutolewa upya mwaka 1962, tunakutana na sura nyingine. Mbegha alikuwa mwindaji mgeni, aliyekimbia kwao Ngulu kwa sababu alikuwa kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza. Hakuingia Usambara na amri. Aliingia na nyama. Aliwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akagawa nyama kwa watu, nao wakampa vyakula vyao. Ufalme ulifuata ugawaji. Kabla ya kuwa nguvu moja, palikuwa na watu wengi waliopokea kitu mikononi mwao.

Hapa ndipo ilipo hoja yangu. Katika meza ile, nyama ilikuwa ni lugha, na haikugawiwa. Aliyeweza kuisoma kadi ndiye aliyekuwa na mchezo. Wengine walikuwa na kete tu. Wahakiki wengi husema kasoro ya mchezo wa ushirika ni tabia ya mtu mmoja mwenye kupenda kutawala. Kwetu sisi si tabia. Mtu mpole kuliko wote atakuwa mfalme iwapo yeye peke yake ndiye anayefahamu maandishi. Tumeliona hili katika mahakama, katika hospitali na katika skuli zetu, wala sioni kwa nini tushangae likitukuta mchezoni.

Kwa hivyo kabla ya kikao cha pili niliandika kwa Kiswahili, kwenye vikaratasi, maelezo ya kila mhusika, orodha ya matendo, na kadi za matukio. Kila mtu akawa na chake mkononi. Zilibaki kadi za msafara, ambazo hazifai kusomwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa ndani yake mna siri za miezi ijayo. Hizo ilibidi zitafsiriwe papo hapo, kila inapofunuliwa moja, na wote wanne tukawa watafsiri.

Nimefanya kazi ya tafsiri kwa miaka mingi, lakini peke yangu, na kamusi. Sikuwahi kuona tafsiri ikifanywa namna ile. Yapo mambo mawili katika mchezo huu ambayo Kiswahili cha redioni hukiita kitu kimoja, mlipuko. Moja ni pale mji wenye michemraba mitatu unapoongezwa wa nne, na maradhi yakamwagika katika miji jirani. La pili ni kadi inayovuta mji kutoka chini kabisa ya fungu, ikaujaza maradhi, kisha ikairejesha juu miji yote iliyokwisha kuumia ili iumie tena. Mwalimu alitaka neno moja litoshe. Muuguzi akasema la kwanza ni mkurupuko, neno alilolizoea kazini. Mkulima, ambaye kwa siku nzima ya kwanza hakutoa rai, akasema la pili ni mfumuko, kwa sababu linatoka chini kama unga uliotiwa hamira. Tukakubaliana. Tangu hapo mkulima hakuuliza tena aende wapi. Aliyelipa jambo jina halihitaji tena kuonyeshwa kwa kidole.

Sasa niuelekee upande ambao mchezo wenyewe hauwezi kujitetea. Katika miji ile 48, Afrika imepewa sita: Algiers, Cairo, Khartoum, Lagos, Kinshasa na Johannesburg. Kutoka Khartoum umechorwa mstari hadi Johannesburg, nao unapita juu ya vichwa vyetu bila ya kusimama. Hapana Nairobi, hapana Dar es Salaam, seuze Unguja. Waganga wote huanzia Atlanta, Marekani. Mtu anaweza kusema huo ni mchezo tu, na ramani lazima ichague. Ni kweli. Lakini yafaa kuuliza ni nani anayeshirikiana katika ushirika huu. Jibu ni wataalamu. Miji haina midomo. Wagonjwa ni michemraba, na mchemraba hauna mlango wa kubishwa hodi.

Pale Lushoto jambo hili haliwezi kupita kimya. Kuanzia mwaka 1980 tauni iliingia katika vijiji vya wilaya hiyo, na kwa zaidi ya miaka 20 ikawa inazama na kuibuka. Watafiti, miongoni mwao wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, walipanda milimani kutega panya na kuhesabu viroboto. Muuguzi wetu aliyakumbuka mambo hayo, na alikuwa na neno moja tu juu ya mchezo: kwamba hapa unatumia tendo moja na ugonjwa umeondoka, na pale ilikubidi kwanza uketi, unywe chai, usikilizwe. Ushirika anaoujua yeye ni ule wa msaragambo, kama wanavyosema Upare na maeneo ya jirani, ambapo wanaotengeneza mfereji ndio watakaokunywa maji yake. Mchezo umeuacha ushirika huo nje ya sanduku, na baada ya Uviko-19 mwaka 2020 kasoro hiyo inaonekana zaidi kuliko ulipotoka.

Pamoja na hayo sitaki kuupa mgongo, kwa kuwa una fadhila mbili ambazo hata bao halina. Ya kwanza ni kumbukumbu. Bao letu, pamoja na kete zake 64 na mashimo 32, husahau kila kitu mara mchezo unapokwisha. Bingwa na mjinga huanza upya sawasawa. Hapa kila mji uliokurupuka hubandikwa stika ya hofu isiyobanduliwa. Mhusika aliyekuwamo mjini humo hupata kovu, na jina lake, ambalo mchezaji mwenyewe alimpa kwa kalamu, hubaki na kovu hilo hadi Desemba. Zipo kadi za kuchanwa. Mtu hujifunza kutazama tendo lake kama jambo litakalomkuta tena mwezi ujao. Fadhila ya pili ni rehema. Mkishindwa, mwezi unaofuata mnaongezewa kadi mbili za msaada. Mkishinda, mnapunguziwa mbili. Aliyeanguka hupewa mkono, na aliyesimama huachwa atembee kwa miguu yake. Wangapi katika watungao sheria za watu wazima wamewahi kufikiri hivyo?

Basi nani auanze msafara huu? Namshauri auanze mwenye wenzake watatu walio tayari kurudi mezani mara 12 au zaidi, kwani msafara wa watu wanaobadilika kila wiki haufiki. Namshauri pia asifungue ubao kabla ya kuzigawa kadi kwa lugha ambayo wote wanaitawala, hata kama ni kwa vikaratasi vilivyoandikwa kwa mkono. Na Mratibu apewe yule aliyezoea kuamrisha, ili kila zamu alazimike kuomba ridhaa kabla hajagusa kete ya mtu.

Kwetu sisi watafsiri iko kazi. Tumeshughulika na riwaya na tamthilia, na tumefanya vyema. Lakini maandishi yaliyomo ndani ya masanduku haya tumeyaacha, tukidhani ni mambo ya watoto. Ni maandishi yanayowapa watu wanne amri ya kutenda pamoja. Yakibaki katika lugha ya mmoja wao, watatu watabaki mikono.

Sisi tuliirudia Januari na tukaishinda. Februari tulishindwa tena, lakini safari hii tulishindwa wanne.