Simba wa Tsavo Huingilia Masikioni

Filamu ya The Ghost and the Darkness ilitoka Oktoba 1996 na kuondoka na Oscar moja tu. Waigizaji wakubwa wamo, Val Kilmer na Michael Douglas. Mpiga picha wake, Vilmos Zsigmond, alikuwa bingwa asiyehitaji kujulishwa. Lakini aliyeitwa jukwaani ni Bruce Stambler, mhariri wa sauti, na mimi nasema waamuzi walipatia. Ukiondoa sauti, kinachobaki ni wazungu wawili wenye bunduki na nyasi nyingi.

Kisa chenyewe ni cha kwetu. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilivuka Makupa, ikapita hapa Changamwe, ikafika mto Tsavo mwaka 1898. Hapo simba wawili wakawa wanawala wajenzi wake kuanzia Machi hadi Desemba. Msimamizi wa ujenzi wa daraja la hapo, J. H. Patterson, aliandika jambo moja ambalo mtengenezaji yeyote wa filamu za kutisha angelilipia pesa. Usiku simba walisikika wakinguruma kwa mbali, na ngurumo zikizidi kukaribia. Kisha zinakatika ghafla. Wafanyakazi walishajua maana yake: sasa wamo kambini, wanachagua hema. Ndipo watu wakaanza kuitana kambi hadi kambi, wakionyana kwamba shetani yuaja. Kwa hivyo kazi ya sauti ilikuwa imefanywa na simba wenyewe karibu miaka mia kabla ya Hollywood, na mkurugenzi Stephen Hopkins alichohitaji ni kutoiharibu.

Kwa sehemu kubwa hakuiharibu. Tazama ndoto ya Patterson. Garimoshi limesimama, mkewe anashuka na mtoto mkononi, na mume anawaendea akiwa na furaha zote. Halafu nyasi upande mmoja zinaanza kufunguka. Mwanzoni simba humwoni; unachoona ni mstari unaojichora kwenye nyasi ndefu kuelekea kwa yule mama, kwa mwendo ambao upepo hauna. Patterson anapiga ukelele, garimoshi linaumeza, mke haelewi na anazidi kuja. Hofu yote ya pale imejengwa juu ya sauti isiyofika. Katika filamu hii kila mchakacho wa nyasi unakushtua, hata kama ni upepo kweli, na filamu inakuchezea hivyo kwa muda mrefu bila gharama ya mnyama.

Hapa ndipo sisi tunaotazamia nyumbani tunapoibiwa. Ngurumo ya simba ni sauti nzito, inayosafiri hata kilomita 8 porini, na uzito huo ndio ambao vispika vidogo vya nyuma ya runinga haviwezi kuutoa. Vinatoa ile sehemu ya juu tu, mkwaruzo, na simba anageuka paka mwenye mafua. Ongeza feni, malori ya kwenda bandarini, na jirani aliyefungulia taarabu, na ule ukimya aliouhesabu mhariri hauko tena. Wufa ya kawaida inarudisha ngurumo. Ukimya ni wa kutafuta mwenyewe: saa nane za usiku, au spika za masikioni.

Kwa sababu hiyohiyo sipendekezi muvi hii iliyosimuliwa. Mtindo wa kina DJ Afro, wa msimuliaji kuongea juu ya filamu, naupenda. Kwenye filamu ya ngumi msimuliaji anaongeza moto, na nimecheka hadi machozi. Lakini msimuliaji hulipwa kwa kujaza nafasi tupu, na filamu hii imeficha mali yake kwenye nafasi hizo. Akishakwambia simba yuko nyuma ya hema, kazi imekwisha.

Wazee wa Pwani wanaosimulia majini hawafanyi kosa hilo. Mwanamke mzuri amekutana na mtu njiani usiku, amevaa buibui, ananukia, wanazungumza, wanatembea pamoja. Kwato zake huja mwisho, na msimuliaji mzuri hukuchelewesha hapo mpaka umeshaanza kuziogopa mwenyewe.

Filamu inaanguka pale inapoonyesha kwato mapema. Simba waliotumika, Bongo na Caesar, walitoka bustani ya wanyama ya Kanada, na walikuwa na manyoya ya shingo yaliyojaa kama ya kwenye nembo. Wale wa kweli hawakuwa nayo. Ngozi zao zilizojazwa ziko jumba la makumbusho la Field, Chicago, waone walivyo na shingo tupu. Simba asiye na manyoya shingoni anatisha zaidi, maana hafanani na picha uliyoizoea. Upande wa idadi ya walioliwa, Patterson alikuja kutaja watu 135. Uchunguzi wa mifupa na nywele za simba hao uliotolewa mwaka 2009 ulikadiria karibu 35. Filamu ilichagua hesabu kubwa, na mimi sioni ilichopata kwayo.

Miaka ya nyuma simba hawahawa walishatengenezewa Bwana Devil, 1952, filamu ndefu ya kwanza ya Marekani ya rangi yenye picha za kutokeza (3D), iliyonadiwa kwa ahadi kwamba simba atakurukia mapajani. Watu walijaa kwa ajili ya miwani. Hopkins alikwenda njia nyingine, ya kuficha, na pale anapoishikilia hana mpinzani: kifo cha Remington, mwindaji wa kubuni anayeigizwa na Douglas. Wanaume wamesherehekea kuuawa kwa simba wa kwanza, wamelewa, wamelala. Asubuhi Patterson anaamka, mwenzake hayuko. Hatukuona chochote, hatukusikia chochote.

Kisha dakika za mwisho zinakuja na simba anamkimbiza Patterson, anapanda mti nyuma yake, na kamera inamfuata mnyama mzimamzima. Bunduki inarushwa, inalia. Ni ufukuzanaji wa kawaida kabisa. Sehemu hiyo, ikikubidi, rudisha taa na umruhusu msimuliaji aongee.