Bibi Naye Aliwahi Kuwa Msichana

Ukisimama Bulange, hapa Mengo, barabara ya Kabakanjagala inanyooka mbele yako hadi Lubiri, kwenye ikulu. Jina lake lina maana ya "Kabaka ananipenda". Kwa msomaji wa mtaa huu ni rahisi kudhani kwamba historia nayo hunyooka vivyo hivyo, na mwisho wake yupo mfalme. Hata Jennifer Nansubuga Makumbi, katika Kintu (2014), alimpeleka mkuu wa Buddu kwa Kabaka mpya mwaka 1750. Katika The First Woman (2020), iliyotwaa Tuzo ya Jhalak mwaka 2021, amepita njia ya panya.

Kisa kinaanza Mei 1975, enzi za Amin, kijijini Nattetta, Bugerere. Kirabo ana miaka 12, analelewa na babu na bibi, na swali lake ni moja: mama yangu yuko wapi? Analipeleka kwa Nsuuta, kipofu anayeitwa mchawi, ambaye bibi yake Kirabo, Alikisa, hapatani naye. Anachopewa kwanza ni hadithi za mwanamke wa kwanza; jina la mama linasubiri. Uzi wa riwaya ndio huo: mtoto anauliza habari za mtu mmoja, anajibiwa kwa maisha ya wengine.

Sasa tazama nafsi ya usimulizi. Moses Isegawa katika Abyssinian Chronicles, na Goretti Kyomuhendo katika Waiting, wamewaachia vijana wao waseme "mimi". Nafsi ya kwanza ina joto lake, ila inamfungia msomaji ndani ya kichwa kimoja. Makumbi ametumia nafsi ya tatu iliyomganda Kirabo begani, na kwa hiyo anaweza kubanduka atakapo.

Anabanduka kweli. Katika sehemu ya nne kati ya tano, hadithi inarudi hadi 1934, Alikisa na Nsuuta wakiwa wasichana, mashoga walioahidiana kuolewa na mume mmoja. Mbinu rejeshi tuliyoizoea ni kurasa mbili tatu za kumbukumbu; hii ni sehemu nzima. Wapo watakaosema inakata utamu. Mimi naona ndipo riwaya inapokomaa. Ugomvi tuliouchukulia kuwa wa vikongwe unageuka kidonda cha mapenzi, nasi tunagundua kwamba muda wote tulikuwa tukiwahukumu wazee kwa akili ya mtoto.

Kasoro ipo. Kurasa za shule ya bweni zina wahusika wengi wanaopita bila kuaga. Lakini nikikumbuka Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971), ambamo msichana analipia ujana wake kwa uhai, nauthamini mpango huu unaompa Kirabo nafasi ya kujifunza kwa majeraha ya waliomtangulia.

Nilipomaliza nilirudi mwanzo, usiku ule Kirabo anapotamba hadithi mbele ya jamaa zake. Mara ya kwanza nilimtazama yeye. Safari hii jicho lilikuwa likimtafuta bibi yake.