"Dawa za Wabunifu": Istilahi Inayopotosha

Hivi karibuni tulikaa siku chache Kakola, jirani na mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, tukisoma pamoja na walimu na wahudumu wa afya kipeperushi kilichofasiriwa kutoka Kiingereza ili kuwaonya wachimbaji wadogo juu ya vidonge vikali vya kutuliza maumivu. Nia ya mfasiri ni njema, na sarufi yake haina kasoro kubwa, ukiondoa lile "madawa" ambalo limekwisha kukosolewa mara nyingi hata tunaona haya kulirudia. Ugonjwa wake uko katika istilahi.

Kipeperushi kinataja "dawa za wabunifu". Kijana mmoja aliuliza kama zinauzwa pamoja na nguo. Swali lake lilikuwa la haki. Jina la Kiingereza, ambalo Gary Henderson wa Chuo Kikuu cha California, Davis, ndiye anayehesabiwa kuwa aliyelianzisha, lilikuwa na kejeli ndani yake, na kejeli haivuki mpaka wa lugha kwa kufasiriwa neno kwa neno. Kwetu mbunifu ni mtu wa kusifiwa. Mpishi wa sumu hastahili heshima hiyo.

Kosa la pili ni zito zaidi. Kipeperushi kinaziita dawa hizo hizo "dawa za kulevya za maabara", kisha kinaagiza kwamba zote ziepukwe. Tuulize: ni zipi? Heroini hutokana na mofini, na mofini hutokana na utomvu wa afyuni. Kwa hiyo heroini si sanisi kamili. Methadoni, kwa upande wake, ni sanisi tupu, nayo ndiyo wanayopewa waathirika wa heroini katika kliniki zetu, kuanzia Muhimbili mwaka 2011. Pethidini ya hospitali ni sanisi, tramado pia. Basi istilahi hii inamwacha nje adui na kumfungia ndani tabibu. Mzee mmoja aliyechimba miaka mingi alitwambia: "Vijana, mwanangu akiangukiwa na mwamba duarani, akachomwa sindano ya maumivu, ndiyo amekwisha kuwa teja?" Hatukuwa na jibu ndani ya maneno ya kipeperushi kile. Majeruhi anayeikataa sindano kwa sababu ya neno lililochaguliwa vibaya ni hasara ambayo hakuna orodha ya istilahi itakayoifidia.

Baadhi ya wenzetu hupendelea "dawa mpya za kulevya". Istilahi hii nayo haisimami. Fentanili ilitengenezwa na Paul Janssen wa Ubelgiji mwaka 1960. Ina nguvu ipatayo mara 100 ya mofini. Nitazini, zinazotajwa leo kana kwamba zimezaliwa jana, zilibuniwa Uswisi katika miaka ya 1950. Upya wake uko sokoni, haumo katika kemia.

Kiini cha jambo ni sheria. Sheria inayofuata orodha hutaja kila dawa kwa jina. Mkemia mwovu huondoa kijisehemu kimoja cha molekuli au hukiongeza. Athari inabaki, lakini jina halimo tena orodhani. Ndivyo ilivyotokea California mwishoni mwa miaka ya 1970, fentanili iliyogeuzwa ilipouzwa kama heroini. Marekani ilijibu mwaka 1986 kwa sheria inayokamata pia vitu vinavyoshabihiana na vilivyoorodheshwa. China, mwaka 2019, iliiweka jamii yote ya fentanili chini ya udhibiti. Sisi tunayo Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria zetu. Hakimu hawezi kumtia mtu hatiani kwa neno "mbunifu".

Tunapendekeza, basi, "mihadarati geuzi" kwa vitu vilivyogeuzwa ili kuikwepa sheria, na "kemikali shabihi" kwa kile ambacho mwanasheria anahitaji kukipima mahakamani. Mihadarati imezoeleka zaidi Kenya kuliko kwetu, lakini asili yake ya Kiarabu ni kutia ganzi, na hapa inafaa kuliko popote. Itatuwezesha pia kuliachia neno dawa kazi yake hospitalini. Kwa kundi zima, la halali na la haramu, "dawa za jamii ya afyuni" inatosha, na palipo lazima iongezwe "sanisi", ambayo wanafunzi wanaijua kutoka katika usanisinuru. Kasumba ingalikuwa nzuri, kwani zamani ilikuwa afyuni yenyewe. Lakini wanasiasa wamekwisha kuichukua, na hatudhani watairudisha.

Naloksoni, inayomzindua aliyezidiwa na dawa hizi, haihitaji istilahi mpya. Iandikwe hivyo hivyo, kwa herufi kubwa, katika ukurasa wa kwanza wa kipeperushi. Katika toleo tulilolisoma imo katika tanbihi ya mwisho.