Siku 20 za Geita: Uongozi wa Kanisa katika Fani ya Toba

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Februari 2023, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, kijana mmoja aliingia katika Kanisa Kuu la Jimbo Katoliki la Geita akavunja vitu vitakatifu. Polisi walimkamata. Mhashamu Askofu Flavian Kassala akalifunga kanisa hilo kwa siku 20, hadi tarehe 18 Machi, waamini wafanye toba na malipizi. Magazeti yaliandika habari ya uhalifu. Mimi naisoma toba ile kama utungo wenye muundo, wakati na wahusika, kwa sababu misingi ya uchungaji hujidhihirisha katika umbo la tendo kuliko katika orodha ya sifa za kiongozi bora.

Tuanze na wakati. Kanuni ya 1211 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inaagiza kwamba mahali patakatifu pakinajisiwa vibaya, ibada zisimame mpaka ifanyike ibada ya toba. Haitaji siku ngapi. Hesabu ya 20, basi, ni sauti ya mchungaji mwenyewe. Ni muda wa kutosha mtu kuumia kila apitapo mlangoni, lakini mwisho wake ulitangazwa tangu siku ya kwanza. Waamini walijua wanaelekea wapi.

Wahusika ndio kiini cha utungo huu. Tuwalinganishe na wale wa adhabu ya jadi. Sungusungu wa Usukumani, vikundi vya ulinzi vya vijijini vilivyoibuka Shinyanga na Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, vina adhabu inayoogopwa kuliko kiboko: kumtenga mkosaji. Hasalimiwi, hasaidiwi hata akifiwa, mpaka alipe faini na kurudishwa kundini. Toba ya Geita ina hatua hizohizo mbili, kutengwa na kurudishwa, ila nafasi zimegeuzwa: waliotengwa na altare yao ni wale waliokosewa. Askofu naye yumo, kwa maana kanisa kuu ndimo kilimo kiti chake. Amri aliyoitoa ilimfungia mlango yeye kwanza. Huo ni msingi wa uongozi ulioandikwa kwa tendo: mzigo anaowatwika waamini, mchungaji autangulize begani mwake.

Tutazame na ibada yenyewe ya kulirudisha kanisa lililonajisiwa. Mwongozo wa ibada za askofu unataka altare ikae tupu, bila taa wala maua. Maji yaliyobarikiwa hunyunyiziwa watu, altare na kuta. Neno la Mungu husomwa altare ikiwa bado tupu. Altare hutandikwa baada ya maombi ya waamini. Mpangilio huu una hoja nzito. Watu hawasimami pembeni kama mashahidi wa ubaya wa mwingine. Nao hulowa maji yaleyale ya toba, na uzuri wa kanisa hurudi baada ya kusikiliza na kuomba.

Hata hivyo, utungo huu una pengo, na si dogo. Aliyevunja hana nafasi ndani yake. Kanuni inaponya mahali na jumuiya. Kijana aliachwa mikononi mwa polisi na mahakama. Kuiachia dola kesi ya jinai ni sahihi, lakini uchungaji hauishii kwenye lango la mahabusu. Hapa sungusungu, pamoja na ukali wao wote, wanalishinda Kanisa kifani: utaratibu wao unamwachia mkosaji njia ya kurudi.

Pengo hilo linazibika bila kubadili hata neno moja la kanuni. Kanisa Katoliki la Tanzania linaishi katika jumuiya ndogondogo, zinazozika, zinazotembelea wagonjwa, zinazopatanisha majirani. Siku kama zile 20 zipangiwe pia kazi hii: jumuiya imwombee mkosaji kwa jina, iitembelee familia yake, na padri amfuate gerezani. Kiongozi akiitunga toba hivyo, malipizi yatamfikia kila aliyejeruhiwa na tendo lile, hata aliyelitenda.